Mwanamke na Mahali katika Tamthilia za Upelelezi

Utangulizi

Makala hii inakusudia kuchunguza mambo mawili katika tamthilia za upelelezi zinazoonyeshwa katika televisheni: nafasi anayopewa mwanamke, na mahali kisa kinapotendeka. Wahakiki wetu wamezoea kuyatenga mambo haya. Mwanamke huwekwa chini ya kichwa cha wahusika, mahali huwekwa chini ya kichwa cha mandhari, na mwanafunzi anapojibu swali la mtihani huandika aya moja kwa hili na aya nyingine kwa lile. Sisi tunaona kuwa katika kisa cha uhalifu mambo haya mawili hayatengani. Kisa cha uhalifu ni kisa cha kuuliza na kujibu, na mahali ndipo panapoamua nani anaruhusiwa kuuliza, nani atalazimika kujibu, na nani atasadikiwa.

Tumechagua tamthilia hizi kwa sababu ndizo vijana wetu wanazozitazama. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilingoja mpaka miaka ya 1990. Leo kijana wa Kaloleni au wa Usa River hana haja hata ya kungoja saa ya kipindi. Anaitazama tamthilia ya Nairobi, ya London au ya Copenhagen katika simu yake ya mkononi. Humo anajifunza mambo ambayo hakuna mwalimu aliyempangia: polisi huuliza vipi, shahidi huwa mtu wa namna gani, mwanamke mwenye malalamiko hupokewaje. Mambo hayo anaondoka nayo. Kwa hiyo si haki tamthilia hizi ziachwe nje ya mlango wa darasa, eti kwa kuwa ni za kupitisha wakati.

Wapelelezi wetu wa vitabuni

Fasihi yetu haikungoja televisheni ili ipate mpelelezi. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa wa Unguja katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Faraji Katalambula alifuata mwaka 1965 kwa Simu ya Kifo, akampa Inspekta Wingo jiji la Dar es Salaam. Baadaye wakaja Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, ambao vitabu vyao vilipita mkono kwa mkono katika mabweni ya shule mpaka majalada yakachanika.

Kila mmoja wa wanaume hao wanne ana mahali pake, na mahali hapo ndipo panapompa mbinu. Bwana Msa hutumia kiko, subira na maneno ya watu, kwa sababu katika kisiwa chenye mashamba ya urithi na nasaba zilizofumana, siri hukaa ndani ya ukoo, na ukoo hauwezi kunyamaza milele. Wingo yumo katika mji ambamo simu inaweza kutangulia mauti. Gamba huvuka mipaka ya nchi, na katika Kikosi cha Kisasi anafika hata Kinshasa, na nyuma yake iko vita ya kulikomboa bara la Afrika.

Sasa tuulize: katika mahali hapo pote mwanamke yuko wapi? Aghalabu ni mke mwenye siri, au mrembo wa hotelini aliyetumwa kama chambo, au ni maiti. Nuru, mwenzi wake Joram Kiango, ni mfano bora zaidi, kwani ana akili na ujasiri wake mwenyewe. Hata hivyo, uzuri wake hutajwa kabla ya akili yake, na mwenye kesi anabaki kuwa Joram. Sababu moja kubwa ya hali hii ni mandhari. Riwaya nyingi za aina hii zimejengwa juu ya hoteli, baa, gari na usiku. Mwanamume akiingia baa usiku ni mpelelezi. Mwanamke akiingia baa hiyo hiyo, saa ile ile, msomaji amekwisha kumhukumu kabla hajaketi. Mwandishi asingeweza kumfanya mwanamke mwulizaji bila ya kwanza kumtafutia mahali ambapo kuuliza kwake hakumvunjii heshima.

Hatusemi haya ili kuwashusha waandishi hao. Waliipa lugha yetu umbo jipya la hadithi na wakawafanya maelfu ya vijana wapende kusoma Kiswahili. Lakini mhakiki anayewaheshimu wazee wake hana budi kuutaja pia mlango ambao hawakuufungua.

Walivyofanya wenzetu wa ng'ambo

Katika Uingereza mlango huo ulisukumwa mwaka 1991 na mwandishi Lynda La Plante, kwa tamthilia ya Prime Suspect, ambamo Helen Mirren alicheza kama Jane Tennison, mkuu wa upelelezi wa mauaji katika polisi ya London. Mahali penye uzito katika tamthilia hiyo ni kituo cha polisi chenyewe. Tennison anawasaka wauaji mitaani, lakini anaporudi ofisini anakuta wanaume walio chini yake hawataki kumtii. Mtazamaji anaziona kesi mbili kwa pamoja, na ile ya ndani ya kituo ndiyo ngumu zaidi.

Mwaka 2007 televisheni ya Denmark ilionyesha Forbrydelsen. Mwanzo wake ni ule tuliokwisha kuuzoea: msichana ameuawa. Hapo ndipo tamthilia nyingi humwacha marehemu na kumfuata mpelelezi. Tamthilia hii haikufanya hivyo. Iliipa kesi hiyo moja sehemu 20, na katika kila hatua ilirudi jikoni kwa wazazi wa Nanna, msichana aliyeuawa, ikaonyesha kiti chake kitupu na maisha ya nyumba iliyofiwa. Kwa njia hiyo marehemu aliacha kuwa kidokezo, akawa mtoto wa watu. Na kilichomrudishia utu wake si hotuba juu ya haki za wanawake. Ni jiko la mama yake.

Hata hivyo tamthilia hizo za Ulaya zina kasoro ambayo walimu wafaa kuionyesha. Mpelelezi wao wa kike, akiwa Tennison au Sarah Lund wa Copenhagen, hulipia kazi yake kwa kukosa nyumba: mapenzi yanavunjika, mwanawe anakuwa mgeni kwake. Mpelelezi mwanamume naye huonyeshwa akiwa mpweke, lakini upweke wake huhesabiwa kuwa sehemu ya ushujaa, na wa mwanamke huhesabiwa kuwa hatia. Msichana wa kidato cha tatu anayetazama hayo anaweza kudhani kuwa akili na familia havikai katika mwanamke mmoja.

Gaborone na Nairobi

Afrika imetoa majibu mawili yanayostahili kulinganishwa. La kwanza ni The No. 1 Ladies' Detective Agency, iliyotokana na vitabu vya Alexander McCall Smith na kupigwa picha nchini Botswana. Sehemu ya kwanza ilionyeshwa Uingereza mwaka 2008, na nyingine zikafuata mwaka 2009. Mma Ramotswe anauza ng'ombe aliorithi kwa baba yake, kisha anafungua ofisi ya upelelezi katika mji wa Gaborone. Tukio hilo dogo la urithi ndilo msingi wa tamthilia nzima. Mwanamke huyu haombi ruhusa ya kuuliza, kwa sababu ofisi ni yake, kiti ni chake na birika la chai ni lake. Mbinu zake ni zile za bibi zetu: kusalimia bila haraka, kuuliza habari za nyumbani, kumwachia mgeni nafasi ya kunyamaza mpaka aseme mwenyewe. Mtu wa Meru au wa Monduli hahitaji kufafanuliwa thamani ya baba kumwachia binti yake ng'ombe.

Upungufu wake upo. Waigizaji wakuu wawili wa kike, Jill Scott na Anika Noni Rose, walitoka Marekani, ingawa upande wa wanaume tulimpata Lucian Msamati, ambaye wazazi wake ni Watanzania. Aidha, Botswana inayoonyeshwa ni safi mno. Mwanga ni wa dhahabu na watu ni wapole, kana kwamba mji mzima umeoshwa kwa ajili ya watalii. Mahali palipopambwa hivyo huwa hapana nafasi ya uchungu wa kweli.

Jibu la pili lilitoka Nairobi mwaka 2021, katika tamthilia ya Crime and Justice iliyotengenezwa na Showmax pamoja na Canal+. Makena, aliyechezwa na Sarah Hassan, na Silas, aliyechezwa na Alfred Munyua, ni askari wapelelezi wa jiji hilo, na kesi zao zilibuniwa kutokana na matukio yaliyowahi kutangazwa katika magazeti ya Kenya. Hapa hapana mwanga wa dhahabu. Kiingereza, Kiswahili na Sheng vinachanganyika kama vinavyochanganyika mitaani. Makena ana kitambulisho cha polisi, na kitambulisho hicho humfungulia mageti ya matajiri na milango ya mabati vilevile. Hili ni jambo la kushangilia. Lakini mtindo wa kumaliza kesi moja katika sehemu moja una gharama yake: mpelelezi wa kike tunamzoea, na mwanamke aliyedhulumiwa anapewa dakika chache za kulia, kisha anaondoka na hatumwoni tena. Mwulizaji amepatikana, mjibuji bado ni mpita njia.

Arusha, mahali palipoachwa

Baada ya Gaborone na Nairobi, ni haki tuutazame mji wetu. Arusha iliingia katika filamu mapema. Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Kimarekani iitwayo Hatari!, ambayo John Wayne aliicheza katika nyika za Tanganyika, Arusha na Momella zikiwamo. Katika filamu hiyo nchi yetu ni uwanja wa kuwindia faru na twiga, na wenyeji wako nyuma ya picha. Tangu hapo wageni wengi wameupiga picha Mlima Meru kwa namna hiyo hiyo: mlima, pori, mnyama.

Lakini mji huu una kisa kingine. Tarehe 8 Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kuunda Mahakama ya Kimataifa ya kuwashitaki waliohusika na mauaji ya kimbari ya Rwanda, na Arusha ikachaguliwa kuwa makao yake. Kwa miaka mingi, mpaka ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015, mahakama hiyo ilifanya kazi katika majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Mnara wa Saa. Watu 93 walishitakiwa.

Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Taba, ilianza Januari 1997. Hati ya mashtaka ilikuwa na makosa 12, na ndani yake halikuwamo hata moja la kubaka. Kisha wakapanda kizimbani mashahidi wanawake, ambao majina yao yalifichwa na badala yake wakaitwa kwa herufi. Walisema yaliyotendwa kwa watoto wao na kwao wenyewe. Katika jopo la majaji watatu mwanamke alikuwa mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, na majaji hawakuyaacha maneno hayo yapite, waliuliza zaidi. Wanaharakati wa haki za wanawake nao wakaisihi mahakama. Mwezi wa Juni mwaka huo hati ilibadilishwa na makosa matatu yakaongezwa. Tarehe 2 Septemba 1998 hukumu ilitolewa hapa Arusha: kwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, na ikatamka kuwa ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji hayo.

Tuitazame kesi hiyo kwa jicho la mhakiki. Uthibitisho uliokosekana haukuwa umefukiwa ardhini. Ulikuwa vinywani mwa wanawake, na haukuonekana kwa kuwa ulikuwa haujaulizwa vya kutosha. Na mahali je? Mengi ya maovu hayo yalitendeka katika ofisi ya komuni na karibu yake. Wanawake wale walikimbilia ofisi ya serikali kwa kuwa walidhani ndipo penye usalama. Sisi ambao tumekula mshahara wa umma na kukaa miaka mingi nyuma ya meza za ofisi hatuwezi kulisoma jambo hilo bila ya kuinamisha vichwa. Hakuna mwandishi wa riwaya aliyewahi kubuni mandhari ya kutisha kuliko ofisi ya umma iliyogeuka hivyo.

Mwalimu wa lugha ana la kujifunza zaidi. Mashahidi walisema Kinyarwanda, na mahakama ikasikiliza kwa Kifaransa na Kiingereza. Hukumu yenyewe ilibidi ieleze maana ya maneno ya Kinyarwanda yanayohusu tendo hilo, kwa kuwa mwanamke mwenye haya halitaji jambo kwa jina lake. Hulizungushia neno la adabu. Mpelelezi asiyejua adabu ya lugha ya shahidi wake atasikia sauti na kuikosa habari.

Mwaka 2018 televisheni ya BBC ilionyesha Black Earth Rising, tamthilia ya Hugo Blick inayohusu kesi zilizotokana na mauaji ya Rwanda. Mhusika wake mkuu ni Kate Ashby, aliyechezwa na Michaela Coel, mtoto aliyeokolewa vitani akalelewa Uingereza na kuwa mpelelezi wa mambo ya sheria. Katika nafasi ya mwanamke tamthilia hiyo imepiga hatua kubwa: mwulizaji ni mwanamke, na kidonda anachokichunguza ni chake mwenyewe. Lakini tukilitazama suala la mahali tunaona pengo. Mahakama iliyo mbele ya mtazamaji ni ya The Hague, makao ya uchunguzi ni London, na mandhari ya Rwanda yalipigwa picha Ghana. Mji ambamo wanawake wa Taba walisema maneno yaliyobadilisha sheria ya dunia haukupewa nafasi katika mandhari hayo. Pengo hilo hatuwezi kuwadai wageni peke yao. Sisi wenyewe hatujauandika.

Tuandike nini?

Yumkini msomaji atasema kuwa dawa ni rahisi: tumchukue Willy Gamba, tumvishe gauni, tumpe bastola na gari, tumpeleke Arusha. La hasha. Mwanamke aliyepewa mahali pa mwanamume bila ya mahali penyewe kubadilika ni pambo tu. Wala tusidhani kuwa kumheshimu mwanamke ni kumfanya asiye na hatia siku zote. Mahakama hiyo hiyo ya Arusha, tarehe 24 Juni 2011, ilimtia hatiani Pauline Nyiramasuhuko, aliyekuwa Waziri wa Familia na Maendeleo ya Wanawake wa Rwanda, kwa mauaji ya kimbari na kwa ubakaji uliotendwa na waliokuwa chini ya amri yake. Mwandishi anayeogopa kuandika mwanamke mwovu hataweza kuandika mwanamke mtu.

Tunachokitaka ni tamthilia ambayo isingeweza kutendeka pengine isipokuwa hapa. Vyanzo havikosekani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume katika ardhi. Lakini mjane wa miteremko ya Meru mwenye migomba na mibuni michache anaweza bado kuamka akute alama za mipaka zimehamishwa, na kila mwanamume wa ukoo akadai hakuona. Hicho ni kisa cha upelelezi kamili, na mashahidi wake ni shemeji, mchungaji, mwenyekiti wa kijiji na bibi kizee asemaye Kimeru tu. Kisa kingine ki katika biashara ya vito vya tanzanite, vinavyochimbwa Mererani na kufikia mezani kwa madalali wa mjini. Kingine kiko kaunta ya kituo cha polisi, ambapo mwanamke alikuwa akitakiwa aeleze aibu yake kwa sauti mbele ya watu waliokuja kutafuta wadhamini. Jeshi la Polisi lilipoanzisha Dawati la Jinsia na Watoto lilikiri ukweli huu tunaousema: kwamba maneno fulani hayawezi kusemwa mpaka kwanza patengenezwe mahali pa kuyasemea. Chumba hicho kidogo, chenye mlango unaofungika, ni jukwaa lililo tayari. Lamngoja mwandishi.

Kazi ya darasani

Kwa walimu tunapendekeza zoezi moja. Wanafunzi wachague tamthilia yoyote ya upelelezi wanayoitazama kwa hiari yao, kisha wajibu maswali haya kwa maandishi. Mwanamke wa kwanza kuonekana yu hai au maiti? Nani anauliza maswali, na mlango gani umefungwa kwake? Mwanamke aliyedhulumiwa anasema maneno mangapi, kwa lugha gani, na mbele ya nani? Kama kisa kingehamishiwa mji mwingine, kingebadilika nini? Likijibiwa hilo la mwisho kwa neno "hakuna", basi mwandishi hakuwa na mahali. Alikuwa na picha za ukutani.

Wavulana wasiachwe nyuma katika zoezi hili. Wao ndio watakaokuwa askari wa kaunta, makarani, wenyeviti wa vijiji na shemeji wa wajane, na siku moja mwanamke atasimama mbele yao akitafuta neno la adabu la kusemea jambo lisilo la adabu. Ni heri wawe wamekwisha kufundishwa kungoja, na kuuliza mara ya pili.